Stesheni au Makadara: treni za zamani zilitazamwa wapi vizuri?

Enzi za mvuke, mpenda treni wa Nairobi alikuwa na pawili pa kwenda jioni: stesheni kuu, au Makadara, pale reli ya Thika na Nanyuki inapoachana na ya Mombasa.

Stesheni ilikupa ukaribu. Treni ya Mombasa ikingoja kuondoka, ulisogea hadi kwenye injini yenyewe, Garratt daraja la 59. Ziliundwa 34 na Beyer Peacock wa Manchester katikati ya miaka ya 1950, kila moja tani 250 na ushee, ikiwa na jina la mlima ubavuni. Zilichoma mafuta mazito, si makaa, na harufu yake iling'ang'ania shati. Ila msongamano! Wapagazi, masanduku, jamaa wa kuaga. Na injini yenyewe imesimama tu.

Makadara uliiona ikifanya kazi. Garratt ina boila katikati na seti mbili za magurudumu, mbele na nyuma, kwa hiyo kwenye kona hujikunja kama jongoo. Sikiliza pia: mipumuo ya seti hizo mbili huenda pamoja, kisha huachana, kisha hupatana tena. Stesheni husikii hayo.

Mimi ni wa Makadara, bila kusita. Ukaribu bado unapatikana: 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena zimehifadhiwa kwenye makumbusho ya reli, jirani na stesheni. Mlio wa kona ndio haurudi.