Jeli ya floraidi na waya za meno: nilivyoitumia, na kwa nini nimeiacha

Waya nilifungiwa Kampala, nami naishi Busia. Kila miadi ni basi la alfajiri na duka kufungwa kutwa. Kwa hiyo wifi yangu aliponiletea tyubu ya jeli ya floraidi kutoka Nairobi, eti meno yasije yakatoboka chini ya vibano (vile vidude vinavyobandikwa kwenye meno kushika waya), nilifurahi. Ina ladha ya stroberi, haiwashi, na asubuhi mdomo unaamka safi. Nikawa napaka kila usiku, miezi mitatu.

Kosa langu ni kutosoma tyubu. Imeandikwa floraidi asilimia 1.23, yenye asidi ya fosfati. Hiyo ni zaidi ya mara nane ya dawa ya meno ya kawaida yenye floraidi sehemu 1450 kwa milioni, yaani asilimia 0.145, tena hupakwa na daktari mara chache kwa mwaka.

Miadi ya tatu, waya ulikuwa umefifia kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga, na chonge halijasogea kama ilivyotarajiwa. Nilikuwa tayari kumlaumu daktari. Akaniuliza, "Mama, unasafishia nini?" Nikatoa tyubu kwenye mkoba, akacheka.

Alinieleza hivi. Waya mwembamba wa mwanzo ni nikeli na titani. (Mchanganyiko huo ulitoka katika maabara ya silaha ya jeshi la majini la Marekani, mume wangu sasa ananiita manowari.) Ukiupinda hurudi wenyewe, na kule kurudi ndiko kunakovuta jino. Unalindwa na ngozi nyembamba ya oksidi. Floraidi ikikutana na asidi huila ngozi hiyo, hidrojeni huingia ndani ya madini, na waya huweza kuwa mwepesi wa kukatika. Waya za aina hii zilizolowekwa maabarani kwenye jeli kama yangu zimepimwa zikaonekana nguvu ya kurudi imepungua.

Hakuapa kwamba jeli ndiyo iliyochelewesha chonge. Nilishakosa miadi moja, na miwa sikuiacha, nakiri.

Floraidi yenyewe hakunikataza, maana bila hiyo madoa meupe kama chaki huota kuzunguka vibano. Alinibadilishia tu: dawa ya meno ya kawaida mara mbili kwa siku, na dawa ya kusukutua ya sodiamu floraidi asilimia 0.05 isiyo na asidi, mchana baada ya chakula. Hii ya kusukutua naisifu, ingawa minti yake ni kali hadi machozi, na hapa Busia nimeipata duka moja tu la dawa, chupa ndogo isiyofika mwisho wa mwezi. Waya mpya una miezi miwili na bado unang'aa.

Tyubu imebaki nusu kabatini. Wifi kila akija ananiuliza kama imeisha, aniletee nyingine.