darktable kwa picha za harusi Tanga: uzoefu wangu

Kazi yangu ni kupiga picha za harusi, hasa shughuli za upande wa wanawake: singo, usiku wa hina, bibi harusi anapotolewa. Hapa Tanga, kuanzia Ngamiani mpaka Chumbageni, familia nyingi hutaka mpiga picha mwanamke kwa shughuli hizo, na kabla hata hatujaongea bei mama wa bibi harusi huniambia, "Mwanangu, picha za ndani zisitoke." Wanawake wamevua mabuibui, wamejipamba, wanacheza. Kwa hiyo nilipotafuta programu ya kuhariri picha ghafi (RAW, yaani data ya kamera kabla haijageuzwa JPEG) nilitaka kwanza kujua picha zenyewe zitakaa wapi. Kwa darktable, programu niliyoichagua, zinakaa kwenye diski yangu. Hakuna akaunti ya kufungua, haidai intaneti ikishawekwa kwenye kompyuta, na picha haiendi popote mpaka niitoe mwenyewe.

Ni programu huria yenye leseni ya GPL (inayoruhusu yeyote kuitumia na kuisambaza), imekuwepo tangu 2009, na inafanya kazi kwenye Linux, macOS na Windows (huku kwa Windows ilifika 2017). Unachotoa mfukoni ni bando la kuipakua tu. Lightroom ya Adobe, programu ya kazi hiyo hiyo, hulipiwa kwa mwezi au kwa mwaka, na kwa sisi tunaotegemea msimu hilo ni zito, maana Ramadhani harusi hakuna lakini malipo hayafungi. Nakala za wizi zinazopita mkononi kwenye flashi siziweki kwenye kompyuta yenye picha za watoto wa watu.

Sasa kazi yenyewe. Picha ya JPEG hubeba ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, picha ghafi ya biti 14 hubeba 16,384. Tofauti hiyo utaiona bwana harusi anapotoka msikitini saa saba mchana baada ya kufunga nikaha. Kanzu nyeupe inawaka, uso umeingia kivulini chini ya kilemba. Ukiupandisha uso kwenye JPEG, kanzu inabaki karatasi tupu. Kwenye darktable nafungua moduli (kifaa kimoja cha kuhariri ndani ya programu) inayoitwa tone equalizer, naweka kishale cha mausi juu ya shavu, nazungusha gurudumu, na maeneo yenye giza kama lile yanapanda yenyewe. Kisha naweka kishale kwenye kanzu nashusha kidogo, tarizi za shingoni zinarudi, uzi kwa uzi. Bado inataka upige vizuri: sehemu iliyoungua kabisa kwenye kamera hairudishwi na programu yoyote.

Lakini iliyonifanya nibaki nayo ni hina. Usiku chumbani, chini ya balbu ya manjano, hina nyekundu na piko jeusi huonekana vyote kahawia, na ngozi ya bibi harusi inageuka rangi ya chungwa. Mama anayejua alimlipa nani kuchora hatakubali picha hiyo. Moduli ya color calibration inakuwezesha kuchagua eneo unalojua rangi yake. Mimi hutumia shuka jeupe alilokalia, na programu inakadiria rangi ya mwanga uliokuwepo, halafu inaiondoa. Hapo unaona maua ya hina mekundu yamezungushiwa mistari myeusi ya piko, na ngozi ni ile ile ya binti, haikupaushwa iwe nyeupe. Hilo la mwisho nalisisitiza. Programu nyingi za simu hupausha nyuso zetu bila kuulizwa. Hapa kila kitu kinaamuliwa na mkono wako.

Inaposhindwa ni kwenye taa za LED za zambarau ambazo kumbi zetu zinazipenda mno. Taa hizo karibu hazina kijani kabisa, kwa hiyo kamera haikurekodi kitu cha kurekebisha. Ukikazana kurekebisha, uso unabaki na chengachenga (vidoa vidogo vya rangi). Picha za namna hiyo nazigeuza nyeusi na nyeupe, na nyingine hupendeza kuliko zenye rangi. Moduli ya kuondoa chengachenga ni nzuri sana, maana ina vipimo vya modeli nyingi za kamera kwa ISO mbalimbali (wepesi wa kamera kupokea mwanga).

Kupanga ni kwepesi. Namba 1 hadi 5 zinatoa nyota, herufi R inaikataa picha, na picha zinazofanana unaziweka ubavu kwa ubavu uone nani kafumba macho. Ukishamaliza picha moja, nakili marekebisho uyabandike kwenye nyingine zote za chumba kile kile. Picha ya asili haiguswi kamwe. Kila unachofanya kinaandikwa kwenye faili dogo la XMP linalokaa pembeni yake. Ukihamisha picha kwenda diski ya nje, hamisha na faili hizo, na uhamishe ukiwa ndani ya darktable. Ukizihamisha kwa njia nyingine itakuonyesha alama ya fuvu badala ya picha, kwa sababu haijui zimekwenda wapi.

Ugumu upo, tena si mdogo. Moduli ni nyingi, kadhaa zinafanya kazi zinazokaribiana, na anayeanza atapotea. Ushauri wangu: shika moduli chache tu, yaani mwangaza, color calibration, tone equalizer, kukata na kuondoa chengachenga, nyingine zisubiri. Laptopu isiyo na kadi nzuri ya picha itakwenda polepole, hasa kwenye kutoa picha za harusi nzima. Mimi huagiza zitoke usiku nikalala. Na kabla ya kuweka toleo jipya tunza nakala ya maktaba yako (faili ambamo darktable huhifadhi kumbukumbu za picha zako), kwani ikishafunguliwa na toleo jipya, la zamani haliifungui tena. Wenye kamera mpya wasome kwanza orodha ya kamera zinazokubalika kwenye tovuti ya darktable.

Kwa kumbukumbu za miaka naongezea digiKam, nayo ya bure, ambayo hutambua nyuso humo humo ndani ya kompyuta. Shangazi akitaka picha zake zote za harusi tatu za ukoo, nampatia upesi.

Kama unapiga picha mbili tatu za matembezi ya Raskazone, simu yako inatosha, usijitese. Kama watu wanakulipa na wanakuamini na picha za ndani, jifunze hii. Ukiona mpangilio wake haukukai, jaribu RawTherapee, nayo ni huria na huhitaji kulipa chochote.