Biskuti za Hildegard: tamu, ila bibi wa kwenye paketi sio yeye

Hildegard wa Bingen alikuwa sista wa Kijerumani wa karne ya 12, na biskuti hizi zimepewa jina lake. Niliziagiza onlaini kwenye duka moja la vyakula vya asili hapa Ujerumani na kiukweli biskuti zenyewe ziko poa. Unga ni wa dinkel, ile ngano ya kizamani, halafu kungumanga, mdalasini na karafuu kidogo, ukifungua tu paketi unadhani jirani kaivisha pilau. Sukari wameweka kiasi. Ni ngumu ngumu lkn kwenye chai ya maziwa zinalainika vizuri. Nusu zilifika zimevunjika, hapo nyota moja imeenda.

Nyota ya pili nimekatia mchoro. Wameweka bibi mpole na kikapu cha majani, basi. Jamani, huyu mama alikuwa moto! 1136, Jutta aliyemlea alipofariki, masista wa monasteri ya Disibodenberg wakamchagua Hildegard awaongoze, baadaye akataka kuhama nao wakajitegemee Rupertsberg, karibu na Bingen, abate Kuno, mkuu wa monasteri, akagoma, si unajua masista wa familia za kitajiri walikuwa wanaingia na mali zao. Hildegard akaugua, hanyanyuki kitandani, abate akaja mwenyewe kujaribu kumwinua kichwa, wapi, ikabidi aruhusu tu. Kufika 1150 hivi wameshahama, na ile mali akaendelea kuidai mpaka 1158 ikaandikiwa hati.

Na uzee haukumpoza. 1178, ana miaka 80, wakubwa wa kanisa Mainz wanamwamuru amfukue bwana mmoja aliyezikwa kwenye makaburi yake eti alikuwa ametengwa na Kanisa, yeye akasema alishapatanishwa kabla hajafa, hafukuliwi mtu hapa. Wakawafungia misa na kuimba, sala ni za kusoma kwa sauti ya chini, yaani mtunzi wa nyimbo zaidi ya 70 unamkataza kuimba! Akawaandikia barua kali, mwaka uliofuata wakalegeza, na Septemba 1179 akafariki.

Mapishi kweli yametoka kwenye maandishi yake, Hildegard anasema hivi viungo vinatuliza uchungu wa moyo na kuchangamsha akili (uchungu wa kukuta biskuti zimevunjika hakuutaja). Karafuu zake lkn msiseme za Zanzibar, enzi hizo zilitoka visiwa vya Maluku, sisi tumeanza kupanda karne ya 19.

Nyota 3 kati ya 5. Kwa karibu yuro 6 ya paketi ndogo hivi, next nitaoka mwenyewe, viungo vyote ninavyo kabatini, dinkel inauzwa supamaketi yoyote hapa, kungumanga tu usizidishe.