Kukodisha baiskeli ya safari na hema mjini Bukavu: gia na breki zinaaminika, hema bado

Karakana ndogo iliyoko Nguba, si mbali na mpaka wa Ruzizi ya Kwanza, imeanza kukodisha baiskeli zilizotayarishwa kwa safari ndefu, pamoja na mifuko ya mizigo, hema na jiko. Nilivitumia vifaa hivyo kwenye mwambao wa Ziwa Kivu upande wa Rwanda, kutoka Kamembe hadi Nyamasheke, na ninawaandikia wakaaji wa Bukavu wanaotamani kusafiri hivyo lakini hawana uwezo wa kununua kila kitu wenyewe.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba mwambao wa Kivu hauna tambarare. Ziwa lenyewe liko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na vilima vinavyopanda kuelekea mgongo unaotenganisha maji ya Kongo na yale ya Nili huanzia pale pale ukingoni, kwa hiyo barabara huzunguka kila hori, huteremka hadi kwenye kijito, kisha hupanda tena papo hapo. Baiskeli nzito ya gia moja tuliyoizoea, ile inayobeba mikungu ya ndizi na magunia ya makaa, husonga karibu mita tano kwa kila mzunguko mmoja wa pedali, na ndiyo maana wenye nazo huzisukuma kwa miguu kila wanapokutana na mlima. Baiskeli niliyokodishiwa ilikuwa na gia ndogo ya mbele yenye meno 22 na kubwa ya nyuma yenye meno 34, magurudumu yake yakiwa ya inchi 26, maana yake ni kwamba mzunguko mmoja huisogeza kama mita 1.3 tu. Mwendo huo ni wa polepole sana, lakini mtu mwenye mzigo hupanda akiwa ameketi, anapumua vizuri, na anafika juu bila magoti kumuuma. Kwangu mimi, hiyo peke yake inatosha kuihalalisha bei ya dola 15 kwa siku.

Breki nazo zilikuwa na raba mpya pande zote mbili. Fundi hakuniachia baiskeli kabla ya kunionyesha namna ya kuteremka. “Yaya, bana, achia, halafu bana tena,” aliniambia, “ukiishikilia mfululizo mpaka chini, rimu itachemka na mpira wa ndani unaweza kupasuka.” Ushauri huo ni wa kweli kabisa, hasa kwa baiskeli iliyobeba hema, chakula na maji, kwa sababu uzito wote huo hugeuka joto pale raba inapoisugua rimu. Katika mteremko mrefu kabla ya kambi nilisimama, nikakaribisha kiganja kwenye rimu ya nyuma, nikahisi joto lake kabla hata ya kuigusa.

Karia ya nyuma imechomelewa pale pale karakanani kwa nondo nyembamba. Ni nzito kuliko zile za kiwandani, lakini ikivunjika, mchomeleaji yeyote njiani anaweza kuiunga, na mimi naipendelea kwa sababu hiyo. Mifuko ya pembeni huning’inia chini, karibu na ekseli, jambo linaloifanya baiskeli isiyumbe kama ile iliyorundikiwa mzigo juu ya karia. Mwenye karakana humpa mteja pia karatasi yenye namba ya fremu na muhuri, na kwa mtu atakayevuka mpaka na kurudi na baiskeli isiyo yake, karatasi hiyo inampunguzia maswali mengi.

Jiko sikuliwasha. Baada ya Ntendezi, mahali ambapo barabara ya Huye inajitenga na ile ya Karongi, nilinunua sambaza wa kukaanga wakiwa bado moto, wametiwa chumvi na pilipili, na nikala nikiwa nimesimama. Samaki hao waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ni vigumu kuwaza ziwa hili bila wao. Jioni niliona kutoka kambini mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu ikielekea katikati ya ziwa, taa zao tayari kwa kuwavuta sambaza.

Hema ndilo lililonisikitisha. Lina kitambaa cha tabaka moja, madirisha yake hayana nafasi ya kutosha ya kupitisha hewa, na vigingi vilivyokuwamo mfukoni havikutosha pembe zote. Mvua haikunyesha, lakini kabla ya mapambazuko pumzi yangu ilikuwa imegeuka maji kwenye kitambaa baridi, ikateremka kwa michirizi hadi kwenye mfuko wa kulalia. Hema la tabaka mbili lingeacha unyevu huo upite kwenye tabaka la ndani na kuishia la nje. Katika kiangazi, kati ya Juni na Agosti, mtu anaweza kulivumilia. Kuanzia Septemba, mvua zinaporudi, singemshauri yeyote alichukue, na si haki kulitoza dola 5 za nyongeza katika hali yake ya sasa.

Nililalamika niliporudisha vifaa, na mwenye karakana alivihesabu vigingi mbele yangu, akaahidi kuchonga vingine vya nondo. Kuhusu kitambaa hakuahidi kitu. Kuna pia suala la dhamana ya dola 100, ambayo inawafungia mlango wanafunzi wengi. Barua ya mdhamini anayejulikana mtaani ingeweza kuchukua nafasi yake. Watu wafupi wawahi kuagiza, kwa kuwa fremu ndogo ni chache na Jumamosi huchukuliwa mapema.