Niliambiwa naweza kupumzika kulipa

Taarifa ya mfuko wangu iko mezani, na hasira niliyotoka nayo kwenye dirisha la huduma kwa wateja haijapoa. Bima yangu ni ile inayounganisha kinga ya maisha na uwekezaji katika hisa na hati fungani: kila ninachotoa hukatwa ada kwanza, kinachobaki hununua vipande, yaani sehemu ndogo ndogo za mfuko wa uwekezaji, na nikifariki warithi wangu hulipwa kiasi cha bima au thamani ya vipande, kutegemea kipi kimezidi.

Miaka kadhaa iliyopita, kipato changu kilipoyumba, wakala aliniambia kwamba naweza kupumzika kulipa na kinga isikatike. Alisema kweli, na hilo ndilo linaloniuma, maana sehemu ya pili ya ukweli huo hakuitamka. Kinga iliendelea kwa sababu kila mwezi kampuni ilifuta baadhi ya vipande vyangu ili ijilipe gharama ya kinga na ya uendeshaji. Benki hakikukatwa kitu, kwa hiyo sikushtuka. Kwenye taarifa nilikuwa nikitazama bei ya kipande, iliyokuwa ikipanda, na kuridhika. Safu ya idadi ya vipande, iliyobanwa pembeni kwa maandishi madogo, ilikuwa ikishuka mwezi baada ya mwezi.

Nilipokwenda kuuliza kwa nini makato ya kinga yanazidi kukua, ofisa wa zamu aliigeuzia karatasi upande wangu, akagonga kalamu mara mbili chini ya jina langu, akasema bila kuniangalia, "Sahihi ni yako au si yako?" Kisha akamwita aliyekuwa nyuma yangu. Jibu nililitafuta mwenyewe nyumbani, kwa kuusoma mkataba siku nzima. Gharama ya kinga hukokotolewa kwa umri wa mwenye bima na kwa pengo lililopo kati ya kiasi cha bima na thamani ya vipande vyake. Soko likishuka, pengo hupanuka, makato huongezeka, na vipande vingi zaidi hufutwa wakati ule ule ambao bei yake iko chini. Dakika mbili zingemtosha kunieleza hayo.

Nilikaa kuandika kwamba mtu asiikaribie bima hii kabisa. Lakini haki itendeke: nilipoomba kuhamisha vipande kutoka mfuko wa hisa kwenda wa hati fungani, walihamisha bila usumbufu, na katika miezi yote ambayo sikutoa hata senti moja, wanangu wangelipwa kiasi chote kama ningefariki. Kwa mwenye kipato cha uhakika na subira ya miaka 10 au zaidi, pengine inafaa. Hapana, hata kwake naweka sharti: adai orodha ya makato yote kwa maandishi, naye aisome ndani ya siku zile chache za mwanzo ambazo mkataba humruhusu kujitoa na kurudishiwa fedha.

Ningeuvunja wangu leo hii, kwa jinsi ile kalamu inavyonirudia masikioni, ila kuvunja nako kuna kato lake, na vipande vilivyosalia ni vichache. Nimeanza kulipa tena. Barua ya malalamiko nimeshaipeleka, na nimeomba ijibiwe na mtu mwingine, si yule.