QLab nyuma ya mlango wa Agamemnon

Katika tanzia ya Kigiriki, mauaji kwa kawaida hayatendwi machoni pa hadhira, bali husikika au husimuliwa. Kwa hiyo nilipopewa kazi ya kuandaa sauti za Agamemnon, tamthilia ya Aeschylus iliyoigizwa kwa mara ya kwanza mwaka 458 KK, niliipima programu ya QLab hasa kwa sehemu moja: pale mfalme Agamemnon, anapouawa, anapopiga yowe mara mbili akiwa ndani ya kasri, huku wazee wa korasi, yaani kundi linaloimba na kusema pamoja jukwaani, wakibishana nje wasijue la kufanya.

Programu hii hupanga sauti zote za onyesho katika orodha moja, na sauti niliyoipanga husubiri mwendeshaji abonyeze kitufe cha GO. Faida yake niliiona kwa Cassandra, mateka mwenye kipaji cha utabiri ambaye naye huingia kasrini kufa. Mngurumo mzito niliouweka chini ya utabiri wake ulijirudia bila kukatika hadi alipoukaribia mlango, awe ameharakisha au amekawia usiku huo, kisha ukafifia taratibu kwa mkunjo niliouchora mwenyewe, mpaka watazamaji wakabaki na ukimya ambao hawakuutambua ulipoanzia. Yowe lenyewe niliiachia koo la mwigizaji, kwa sababu spika haijui kufa.

Kuna jambo dogo ambalo wengi hulipuuza: unaweza kuweka muda wa chini kabisa unaopaswa kupita kati ya mbonyezo mmoja na mwingine. Kwa mwendeshaji ambaye mikono hutetemeka mlango ule unapokaribia kufunguliwa, kinga hiyo ni ya lazima.

Toleo la bure hutoa sauti kwa njia mbili tu. Kwangu zilitosha, kwani spika moja niliificha nyuma ya mlango na nyingine nikaielekeza ukumbini. Anayetaka sauti za korasi ya watu 12 ziizunguke hadhira kutoka kila upande atahitaji leseni, ambayo kwa bahati nzuri hukodishwa hata kwa siku, hivyo kundi lenye maonyesho machache halilazimiki kuinunua moja kwa moja.

Kasoro kubwa ni kwamba QLab hufanya kazi kwenye kompyuta za Mac pekee. Kundi lenye mashine za Windows litalazimika kuazima au kutafuta programu nyingine, na kwa sababu hiyo nimeipa nyota nne kati ya tano.