Nimenunua kompyuta Mwanjelwa, printa ya bure haipo tena: uzoefu wangu

Nina steshenari ndogo Iyunga, Mbeya, jirani na chuo cha MUST. Kopi shilingi 100, kuprinti 200, ya rangi 500. Msimu wa wanafunzi kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo foleni inatoka nje mpaka kwa muuza maandazi, maana fomu lazima iprintiwe, ikagongwe muhuri serikali ya mtaa na kwa wakili, halafu irudi tena kwangu iskaniwe ipandishwe mtandaoni. Mtoto mmoja unamhudumia mara tatu kwa fomu moja. Kompyuta moja ikawa haitoshi, nikapanda daladala kwenda Mwanjelwa, duka lilelile lililoniuzia ya kwanza mwaka 2019.

Nilirudi kwao kwa sababu moja tu, nisiwadanganye. Mwaka ule walikuwa na ofa: ukinunua kompyuta mpya ya mezani, unaondoka na printa bure. Safari hii nilijiandaa kabisa, hata nafasi ya kuiweka nilishafuta vumbi.

"Shikamoo mama," kijana wa dukani akanisalimia.

"Marahaba mwanangu. Nimekuja ile ofa ya printa."

"Ile ilikwisha mama yangu. Sasa hivi tunatoa begi na mausi."

"Begi la nini na mimi nanunua ya mezani?"

Akacheka, mimi sikucheka. Nikamwambia nitapita kesho, nikatoka, nikaingia kwenye mgahawa wa mbele nikaagiza chai ya rangi na chapati. Nilikuwa nimekasirika kweli. Nina tabia ya kutembea na daftari langu la mahesabu kwenye mkoba, nikalifungua nitafute niliandika nini kuhusu ile printa ya kwanza. Chai ikapoa.

Ile printa ilifika kwenye boksi zuri lenye picha ya familia inacheka. Ndani kulikuwa na katriji mbili ndogo, yaani vile vikasha vya wino, nyeusi moja na ya rangi moja, zimefungwa kwenye plastiki, unavuta stika ndipo unazipachika. Waya wa kuiunganisha na kompyuta haukuwemo. Hakuna aliyeniambia. Nilifika nayo Iyunga, nikageuza boksi juu chini, nikakung'uta hata yale maboya meupe, nikarudi mjini na bajaji kununua waya wa shilingi 8,000. Plagi nayo ya miguu miwili, adapta 3,000. Hiyo ndiyo bure yenyewe siku ya kwanza.

Katriji za kwenye boksi ni za kuanzia, wino wake ni mdogo kuliko wa katriji unayonunua dukani. Hilo nililijua siku ya nne. Kijana alikuja na ripoti yake ya fildi, kurasa 64, anatakiwa aiwasilishe saa nane mchana. Ukurasa wa 38 ukatoka na mistari myeupe katikati ya maneno, wa 40 ukawa kama umeandikwa kwa majivu, wa 41 ukatoka mtupu. Yule kijana hakunigombeza. Aliangalia saa, akaangalia printa, akasema tu, "Mama, sasa?" Nikampeleka kwa jirani yangu mwenye printa ya leza, nikamlipia mimi.

Tuje kwenye mahesabu sasa, ndiyo yaliyonifanya niandike haya. Katriji nyeusi nilikuwa nanunua 48,000. Juu ya boksi lake imeandikwa karibu kurasa 120. Na hizo ni kurasa za vipimo vya kiwandani, zenye maneno machache, wino umegusa kama asilimia 5 tu ya karatasi. Ripoti yenye michoro na nembo ya chuo haifiki huko. Lakini tuseme imefika: 48,000 gawanya kwa 120 ni 400. Mimi nilikuwa naprinti ukurasa kwa 200! Bado karatasi, rimu ya 13,000 ni shilingi 26 kila karatasi, bado LUKU, bado pango la fremu. Kwa kila ukurasa nilikuwa nampa mwanafunzi shilingi 200 mkononi na kumshukuru kwa kuja.

Mtasema kwani hukuona? Sikuona. Biashara ya rejareja unahesabu pesa ya jioni iliyoko kwenye kopo, na kopo lilikuwa linajaa. Katriji nikawa nanunua kwa pesa ya vocha na ya bahasha, vinachanganyika. Daftari linasema kwa miezi mitano nilinunua nyeusi tisa na za rangi nne za 52,000. Jumla 640,000. Kompyuta nzima nilinunua 1,150,000.

Na wino haukwenda wote kwenye karatasi. Printa za aina ile kila ukiziwasha zinajisafisha kichwa, zinanguruma kidogo na kunywa wino. Kipindi kile umeme ulikuwa unakatika kwetu mara tatu nne kwa siku, kwa hiyo mara tatu nne kwa siku inajisafisha. Chuo kikifunga ikikaa wiki tatu bila kazi, wino unakauka kwenye matundu, unarudi kuisafisha, inakunywa tena. Nilijaribu kujaza kwa sindano kama vijana wanavyofanya. Mara ya kwanza ilikubali, mara ya pili ikaandika kwamba katriji haitambuliki na ikagoma. Kampuni siitaji, maana mtindo huu si wa kampuni moja. Mashine unapewa kwa bei ya kutupa au bure kabisa, faida wanaichukua kwenye wino taratibu.

Kilichoniokoa ilikuwa leza ya mtumba. Tona yake, yaani wino wake wa unga, inatoa kama kurasa 2,000, fundi ananijazia kwa 15,000, inakuja kama shilingi saba na nusu kwa ukurasa. Nyeusi zote mpaka leo zinatoka pale.

Nikamaliza ile chai baridi nikarudi dukani, hasira imeshapungua ingawa sikumwonyesha. Nikamuuliza yule kijana wa dukani, kwa nini mmeiondoa ile ofa? Nampongeza kwa hili, hakunipiga chenga. Alisema printa zile walikuwa wanaletewa na msambazaji pamoja na kompyuta, sasa hawaletewi. Alisema pia wateja wengi walikuwa wanazitoa kwenye boksi na kuziuza hapohapo nje ya duka, elfu sitini, elfu sabini, kwa sababu mtu wa kawaida hana cha kuprinti nyumbani. Anatuma faili kwa WhatsApp, steshenari inamtolea. Hapo nikanyamaza, maana anayetolea ni mimi.

Halafu akaniambia jambo ambalo nililifikiria njia nzima: siku hizi watu wanataka printa za matanki, zile unazomiminia wino wa chupa, na ile huwezi kumpa mtu bure. Ya katriji inajilipa kwenye wino. Ya tanki wino wake ni rahisi, kwa hiyo faida lazima ikatwe kwenye mashine yenyewe, siku unayoinunua. Ndiyo maana boksi lake ni la bei.

Huko nje nako ofa hizi zilikuwepo. Apple Marekani kwa miaka kadhaa ukinunua Mac pamoja na printa unalipa kwanza, kisha unatuma maombi unarudishiwa hadi dola 100, nazo zikaondolewa. Na haya matanki Epson waliyaanzia Indonesia mwaka 2010, mahali ambapo mafundi wa mitaani walikuwa wameshachoka na katriji, wanazitoboa printa na kuzifungia mirija na chupa za wino pembeni. Nikisoma habari hiyo nawaona mafundi wetu wa Kabwe kabisa.

Basi tukapatana. Begi na mausi nikayakataa, akanipunguzia 40,000 kwenye kompyuta, nikailipa 1,080,000. Printa ya tanki, 590,000. Iliniuma, sisemi uongo. Nilisimama pale na noti mkononi kama mtu anayetoa mahari mara mbili kwa mke mmoja.

Safari hii sikukubali kufungiwa boksi. Nikamwambia ifungue hapa, niione inafanya kazi. Akaikagua, waya umo, plagi ya miguu mitatu, nikapumua. Akamimina chupa moja moja, polepole, unaona wino unapanda kwenye kidirisha cha mbele mpaka kwenye mstari. Ikakaa kama dakika kumi inavuta wino kwenye mirija, ikatoa ukurasa wa majaribio, mistari yote mizima. Chupa nyeusi imeandikwa kurasa 4,500, za rangi tatu kwa pamoja 7,500. Chupa moja 28,000. Gawanyeni wenyewe, mimi nilipogawanya nilirudia mara mbili nikidhani nimekosea nukta: shilingi sita na kitu.

Kasoro zake nimeshaziona ndani ya wiki mbili. Ni ya polepole, kama kurasa kumi kwa dakika, ukiwa na foleni wanaanza kukutazama. Haigeuzi karatasi yenyewe, unageuza kwa mkono. Wino wake hauvumilii maji: binti mmoja alitoka na fomu yake, mvua ya Mbeya mnaijua haipigi hodi, akarudi na jina lake limekuwa wingu la bluu. Nimeanza kuwapa mifuko ya nailoni ngumu. Fundi naye kanionya kuna sponji chini inayopokea wino wa kujisafishia, ikijaa mashine inajifunga mpaka ishughulikiwe. Na lazima uiprintie kitu kila wiki, hata likizo.

Duka nalipatia nyota tatu kati ya tano. Kijana ni mkweli, risiti ya EFD alitoa bila kuombwa na kadi ya waranti ya mwaka mmoja akaigonga muhuri. Nyota mbili nimezishikilia kwa sababu bango la ofa bado liko mlangoni, wamefuta neno "printa" kwa kalamu ya wino na linasomeka vizuri tu, na kwa sababu ya ule waya wa 2019.

Ile printa ya bure ilikuwa chini ya meza miaka yote hii, naiwekea maboksi juu. Juzi kijana wa mwaka wa kwanza aliiona akaniuliza kama naiuza. Nikamwambia ichukue bure. Alifurahi sana, "Ndaga fijo mama!", asante sana kwa Kinyakyusa, akaita bodaboda, wakaifunga nyuma kwa mpira. Waya nilibaki nao, nautumia kwenye leza.